Kuhamisha Ua la Ndege wa Peponi

Ua liitwalo ndege wa peponi, ambalo asili yake ni Afrika Kusini, lina majani yanayofanana na ya mgomba. Kwa sababu hiyo wapandaji wengine hulifukia kwa kina kama chipukizi la mgomba, tena hulihamisha mara kwa mara. Hapo ndipo maua yanapokosekana. Mmea huu huchanua vizuri zaidi mizizi yake inapobanana. Ukigawanywa, huweza kukaa mwaka mmoja au miwili bila ua hata moja.

Basi mwanachama aliye nao nyumbani, au katibu aliyeuweka mbele ya ofisi ya chama, asiuhamishe mpaka mizizi itokeze kwenye matundu ya debe. Kwa Babati wakati ufaao ni Oktoba, baridi ikiwa imepita na mvua zikikaribia. Chombo kipya kizidi cha zamani kwa vidole vitatu tu. Kikizidi mno, udongo hushika maji, na mizizi, iliyo minene na myepesi kuvunjika, huoza. Udongo uchanganywe na mchanga na samadi iliyooza. Shina lisifukiwe kupita lilivyokuwa. Baada ya majuma mawili kivulini, mmea urudishwe juani.

Mche uliotokana na mbegu huchukua miaka 3 hadi 5, pengine zaidi, kabla ya kuchanua. Anayenunua aulize kwanza umri wake.