Vunja Kasi ya Upepo, Usiibe Hewa ya Ndama

Juni ikiingia, upepo wa kusini mashariki hupanda milima ya Njombe na Makete ukiwa na ukungu na manyunyu ya siku nzima. Kitulo, kwenye uwanda ulio mita 2,600 hivi kutoka usawa wa bahari, kuna asubuhi ambazo majani huamka meupe kwa sakitu. Mfugaji mwenye ndama mchanga akiona hivyo hutafuta turubai na magunia, akaziba banda pande zote nne. Nia yake ni njema, lakini wiki mbili baadaye ndama anakohoa.

Ng'ombe mkubwa aliyeshiba na mwenye manyoya makavu huvumilia baridi kuliko tunavyodhani. Manyoya yake hushika hewa, na hewa hiyo ndiyo blanketi lake. Upepo huipeperusha, na maji huyalaza manyoya hata yasishike kitu. Ndama wa wiki ya kwanza ana akiba ndogo mno: joto likishuka chini ya nyuzi 15 hivi, sehemu ya maziwa anayokunywa inachomwa kupasha mwili badala ya kumkuza. Kwa hiyo kazi yetu ni kuzuia upepo na unyevu, huku hewa safi ikiendelea kupita.

Anza kwa kujua upepo unatoka wapi kwako, maana kilima kimoja kinatosha kuugeuza. Funga kitambaa kwenye mti mrefu, ukitazame asubuhi, mchana na jioni kwa wiki nzima.

Kisha simamisha uzio upande huo, nao uwe na mianya. Wengi hawaliamini hili mpaka walione. Ukuta usio na tundu huurusha upepo juu, nao ukishavuka huanguka upande wa pili ukizungukazunguka pale pale ng'ombe alipojikunyata. Uzio wenye mianya hupitisha upepo kidogo, na huo kidogo huuzuia ule wa juu usianguke kwa kishindo. Robo ya uzio ikiwa wazi inatosha. Mabanzi ya kiwanda cha mbao yanafaa sana: banzi la upana wa sentimita 15, uwazi wa sentimita 5, kisha banzi jingine, yote yakisimama wima. Uzio wa mita 2 hutuliza upepo hadi mita 16 au 20 nyuma yake. Nguzo zichimbiwe kina cha kutosha, kwa kuwa upepo utausukuma usiku kucha, na uzio upite urefu wa eneo unalolilinda pande zote mbili, kwani upepo huzunguka pembeni.

Mabanzi huoza, hivyo panda miti mapema ije kushika zamu. Mikaratusi peke yake haifai: ikirefuka shina hubaki tupu chini, na upepo hupita hapo kwa kasi zaidi. Iwekee mbele mstari wa mabingobingo au vichaka vya kukatwa, ambavyo pia ni malisho. Ukipanda misonobari, weka uzio ng'ombe wenye mimba wasiifikie, maana majani ya baadhi ya aina zake huharibu mimba.

Jambo jingine: usijenge banda bondeni kabisa. Usiku usio na upepo, hewa baridi huteremka kama maji na kutuama huko, na ndiko sakitu inakokaa. Hata mstari wa miti unaokatiza mteremko chini ya banda uachie pengo hewa hiyo itoke.

Kwenye banda lenyewe, ziba upande wa upepo kutoka chini hadi juu ya mgongo wa mnyama, halafu acha nafasi wazi chini ya paa. Chuchumaa alipo ndama uvute pumzi. Macho yakiwasha kwa harufu ya mkojo, mapafu yake yanaungua tangu jana. Piga magoti kwenye malalo yake kwa muda. Suruali ikilowa, ongeza maranda au nyasi kavu leo hii, nyingi kiasi cha kuficha miguu yake akilala. Ndama aliyezaliwa usiku mfute mpaka akauke, kisha mpe dang'a mapema iwezekanavyo, saa 6 zisipite.

Wakubwa waongezee mabua na nyasi kavu jioni. Uchachukaji wa malisho hayo tumboni hutoa joto usiku kucha, jambo ambalo pumba peke yake haiwezi.

Miche iingie ardhini mvua za Desemba zikishika. Mabanzi yasimame kabla ya Mei kwisha. Ukisubiri ndama atetemeke, umechelewa.