NENO "BODI": UBAO, MEZA NA WATU



Msimu wa pamba ukifika hapa Bariadi, neno "bodi" tunalisikia karibu kila siku. Mtu anafika kituo cha kuuzia pamba, anasema, "Bodi imesema." Basi, wote kimya! Lakini ni bodi ipi hiyo? Leo tulisome neno hili, maana neno usilolielewa hukutisha bure.

Asili yake

Neno hili limetoka katika Kiingereza. Zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, maana yake ilikuwa ubao. Ubao ukiwekewa miguu huwa meza. Basi meza nayo ikaitwa hivyo hivyo. Baadaye hata chakula cha mezani kikapewa jina hilo. Ndiyo maana shule ambayo mtoto analala na kula hapo hapo wengine huiita "bodingi", yaani shule ya bweni. Mwishowe, watu wanaokaa mezani kushauriana nao wakaitwa bodi.

Jambo hili kwetu si geni. Baraza ni mahali pa kukaa mbele ya nyumba. Lakini tukisema "Baraza la Madiwani" tuna maana ya watu.

Fundi akisema "silingi bodi", anatumia ile maana ya kwanza, ubao. Lakini bodi la lori linalobeba pamba ni neno lingine kabisa. Hilo limetoka katika neno la Kiingereza lenye maana ya mwili. Maneno mawili yamefika kwetu yakafanana.

Bodi tunazokutana nazo

1. Bodi ya Pamba Tanzania. Hufanya kazi kwa Sheria ya Pamba ya mwaka 2001. Husimamia zao la pamba nchini na kutoa leseni kwa wanunuzi.

2. Bodi ya chama cha msingi cha ushirika, yaani AMCOS. Wajumbe wake huchaguliwa na wanachama katika mkutano mkuu.

3. Bodi ya Mikopo. Iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004. Huwakopesha wanafunzi wa elimu ya juu.

4. Bodi ya shule ya sekondari.

Faida ya kujua

Siku moja utaambiwa, "Bodi imeamua tukatwe fedha kidogo kwa kila kilo." Usiitikie tu. Uliza: bodi ipi? Imeamua lini? Imeandikwa wapi? Kama ni bodi ya chama chenu, ninyi wanachama ndio mliowaweka wale watu mezani. Mna haki ya kusomewa hesabu katika mkutano mkuu na kuuliza maswali. Umeshajua kusoma, omba karatasi uisome mwenyewe.

Zoezi

1. Andika sentensi tatu zenye neno "bodi", kila moja kwa maana yake.

2. Andika majina ya wajumbe wa bodi ya chama chako. Usiyemjua, muulize jirani.

3. Mkutano mkuu wa mwisho ulifanyika lini? Hesabu zilisomwa? Jadilianeni.