Dondoo muhimu: Sharti linapokosewa ndani ya kitanzi

Programu yako inapanga nauli za bodaboda wa mizigo. Kitanzi kinapita oda moja moja, na kila oda inatozwa bei ya mbali, hata ya Temeke. Angalia sharti: “kama wilaya si Kinondoni AU si Temeke”. Hakuna wilaya iliyo zote mbili kwa wakati mmoja, kwa hiyo sharti hilo ni kweli daima. Weka NA.

“Vinginevyo” isibahatishe. Programu iliyosema vinginevyo ni Ilala ilikuwa sahihi Dar ilipokuwa na wilaya tatu. Tangu Ubungo imegwe kutoka Kinondoni, na Kigamboni kutoka Temeke, mzigo wa Kimara, iliyo Ubungo, unaangukia Ilala kimakosa. Zitaje zote tano. Kisichotambulika kitoe onyo.

Kwenye uzito wa mzigo, sharti jembamba litangulie: “zaidi ya kilo 20” kabla ya “zaidi ya kilo 5”.

Bado inagoma? Chapisha thamani ya wilaya kila mzunguko, ukiiweka ndani ya alama za kunukuu. Mara nyingi (yamenikuta) utaona “temeke” ya herufi ndogo, au nafasi tupu imejificha mwishoni mwa neno.