Mrihani, Mbu na Kutegemea: Tusiutwike Mmea Mzigo Usio Wake



Darsa yetu ya toleo hili inahusu mmea ambao wengi wetu tumekulia karibu nao. Nitaanza na kosa langu mwenyewe, kwa sababu ndilo lililonifanya nifungue vitabu.

Mwaka wangu wa pili chuoni nilikuwa nikikaa na wenzangu wawili katika chumba cha kukodi hapa Bujumbura. Mvua zilikuwa zimekolea na mbu walijaa. Chandarua changu kilikuwa ndani ya sanduku, kwa kuwa nilikiona kinaleta joto. Badala yake nilichuma fungu la kivumbasi nyumbani kwa bibi yangu Buyenzi, nikalifunga kichwani pa kitanda, nikalala kwa raha. Baada ya wiki chache nilishikwa na homa. Wakati huohuo ulikuwa unazunguka ujumbe kwenye simu zetu unaosema kwamba rihani ni "dawa ya Qur'ani" na inaponya malaria. Nikachemsha majani, nikanywa siku tatu. Siku ya nne wenzangu walinibeba hadi kituo cha afya nikiwa sijiwezi. Kipimo kilionyesha malaria. Nilitibiwa nikapona, alhamdulillah, lakini muuguzi aliniambia wazi kwamba ningechelewa zaidi mambo yangekuwa mengine.

Bibi alipokuja kuniona alisema hivi: "Mjukuu wangu, mimi nilikwambia kivumbasi kinafukuza mbu. Nani alikwambia kinatibu malaria? Na mimi mwenyewe nalala ndani ya chandarua."

Maneno hayo ndiyo muhtasari wa darsa hii. Sasa tuyachambue hatua kwa hatua.

1. Mmea wenyewe

Kivumbasi ni ndugu wa mrihani. Yote miwili ni ya jamii ambayo wataalamu wa mimea huiita Ocimum. Mrihani ni ule mdogo unaopandwa uani, ambao wanawake wa pwani, Zanzibar, Mombasa na Lamu, huuchanganya na asumini na maua mengine kutengeneza vikuba. Kivumbasi huota hata porini na kando ya njia. Ni kichaka kinachoweza kumfikia mtu kifuani, na ukiyafikicha majani yake unasikia harufu kali kama ya karafuu. Kwa Kirundi utasikia jina umwenya. Jina lake la kitaalamu ni Ocimum gratissimum, na maandiko mengi ya Afrika Mashariki yaliuita Ocimum suave.

Harufu ile ya karafuu si ya kubahatisha. Mwaka 1981 watafiti wawili, Chogo na Crank, walichapisha uchunguzi wao juu ya mafuta ya mmea huu uliotoka Tanzania, na wakakuta kwamba sehemu yake kubwa ni eujenoli, kitu kilekile kinachoipa karafuu harufu yake. Mbu humtafuta mtu kwa kufuata pumzi, joto na harufu ya mwili wake. Harufu kali kama hii humvuruga mbu katika utafutaji huo.

2. Watu wanautumiaje

Buyenzi wazee hutia majani mabichi juu ya makaa ya mbabula jioni, moshi ukapita ndani ya nyumba kabla ya watu kulala. Wengine hufunga mafungu mlangoni na dirishani. Kaskazini mwa Tanzania ni hivyohivyo: mwaka 2008 Kweka na wenzake walichapisha utafiti uliowauliza wenyeji wa huko ni mimea gani huitumia kufukuza mbu, na mimea ya jamii ya mrihani ilikuwa miongoni mwa iliyotajwa.

Tukivuka bara hadi Nigeria, Wayoruba, ambao wengi wao ni Waislamu kama sisi, huuita mmea huu efinrin. Huutia katika mchuzi, huunywa kwa matatizo ya tumbo na kikohozi, na pia hufukuza mbu kwa harufu yake. Watu wa Buyenzi na watu wa Ibadan hawakukaa pamoja wakakubaliana. Kila upande uliujua mmea huu kwa kuuzoea, na wote wakaupa kazi ileile dhidi ya mbu. Uzoefu kama huo haufai kudharauliwa na msomi wa chuo kikuu.

3. Unafukuza kwa kiasi gani?

Hapa ndipo wengi tunateleza. Tunasema "unafukuza mbu" kana kwamba hubaki hata mmoja.

Mwaka 2002 Seyoum na wenzake walichapisha majaribio yaliyofanywa magharibi mwa Kenya, katika vibanda vilivyojengwa kwa kazi hiyo, wakitumia mbu aina ya Anopheles gambiae, ambao ni waenezaji wakubwa wa malaria kwetu. Waliweka mimea hai ndani ya vyungu. Mmoja wa jamii ya mrihani, Ocimum americanum, ulipunguza mbu kwa karibu asilimia 40. Katika majaribio mengine ya mwaka huohuo walilinganisha njia za kutumia majani, wakakuta kwamba kuyapasha moto bila kuyaunguza kunafukuza mbu vizuri kuliko kuyachoma.

Tuhesabu pamoja. Kama mbu 10 wangekujia usiku, mmea wa aina hii katika chungu unaweza kuwazuia wanne. Sita bado wanakuja, na malaria huhitaji mbu mmoja tu mwenye vimelea. Tena moshi huisha mapema, ilhali mbu wa malaria huuma zaidi usiku mtu akiwa amelala. Kwa hiyo mmea huu unapunguza usumbufu, lakini haufanyi kazi ya chandarua.

Na hali ya nchi yetu hairuhusu mchezo. Machi 2017 serikali ya Burundi ilitangaza kwamba malaria imekuwa mlipuko. Mwaka 2019, hadi Julai peke yake, waliandikishwa wagonjwa zaidi ya milioni 5 katika nchi ya watu wapatao milioni 11, na waliofariki walikaribia 1,800. Wanaoumia zaidi ni watoto wa chini ya miaka mitano na mama wajawazito.

4. Rihani katika Qur'ani na Sunna

Sasa turudi kwenye ule ujumbe wa simu. Ni kweli kwamba neno rihani limo katika Qur'ani, mara mbili. Katika Suratu Rrahman, aya ya 12, limetajwa pamoja na nafaka miongoni mwa neema za ardhi. Katika Suratul Waqi'a, aya ya 89, limetajwa miongoni mwa yale wanayoandaliwa waja waliokaribishwa kwa Mola wao. Lakini tuangalie mambo matatu.

Kwanza, wafasiri hawakukubaliana kwamba katika Suratu Rrahman neno hilo ni mmea. Wako waliosema ni kila mmea wenye harufu nzuri, na wako waliosema maana yake ni riziki.

Pili, hata waliosema ni mmea hawakuwa wakizungumzia mmea mmoja. Ibn al-Qayyim, aliyefariki mwaka 1350, ameeleza katika Zad al-Ma'ad kwamba watu wa kila nchi hulitumia jina hili kwa mmea wao wa harufu: wa Maghribi wanakusudia mhadasi, na wa Iraki na Shamu wanakusudia mrihani. Basi vipi mimi, nikiwa Bujumbura, niseme kwa yakini kwamba aya inakusudia kichaka kilichoko nyuma ya nyumba ya bibi yangu?

Tatu, hakuna katika aya hizo mbili linalosema kwamba rihani inaponya homa. Aya zinataja neema. Katika hadithi aliyoipokea Imam Muslim, Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba mtu akipewa rihani asiikatae, kwa kuwa ni nyepesi kubeba na harufu yake ni nzuri. Na katika hadithi iliyomo ndani ya Bukhari na Muslim, amemfananisha mnafiki anayesoma Qur'ani na rihani: harufu nzuri, ladha chungu. Mafunzo haya ni ya adabu na tabia. Mtu akiyageuza kuwa cheti cha dawa, anamzulia Mtume jambo ambalo hakulisema, na hilo ni zito kuliko homa yenyewe.

5. Hukumu na mipaka

Je, tuache kutumia kivumbasi? Hapana. Asili ya vitu ni halali mpaka ije dalili ya kukataza. Mtume (s.a.w.) ameamrisha tutafute tiba, akabainisha kwamba Allah hakuteremsha ugonjwa ila ameuteremshia dawa. Kutumia mmea uliojulikana kwa uzoefu ni kushika sababu. Ila kuna mipaka minne.

(a) Mmea usigeuzwe hirizi. Fungu linalotundikwa mlangoni kwa sababu ya harufu yake halina ubaya. Fungu lilelile likitundikwa ili lizuie husuda au mashetani, limetoka kwenye tiba limeingia kwenye jambo jingine. Ishara yake ni rahisi: harufu ikiisha unabadilisha majani, au unaliacha limekauka ukiamini bado linakulinda?

(b) Moto uzimwe. Nyumba moja iliungua usiku Madina pamoja na waliokuwa ndani yake. Mtume (s.a.w.) akaeleza kwamba moto ni adui yetu, tuuzime kabla ya kulala. Sisi tunaokaa watatu chumba kimoja chenye godoro, madaftari na mbabula, hadithi hii inatuhusu moja kwa moja. Moshi wenyewe pia unaumiza kifua, hasa cha mtoto na cha mwenye pumu. Fukiza jioni, toa mbabula nje, fungua hewa ipite, kisha ulale ndani ya chandarua.

(c) Kufukuza mbu si kutibu malaria. Homa ikikupata, nenda ukapimwe siku hiyohiyo. Usidhani natetea dawa za dukani dhidi ya miti. Dawa kuu ya malaria leo imetokana na mmea wa Kichina wa artemisia, na Bi Tu Youyou alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015 kwa kazi hiyo. Lakini alichokifanya ni kukitoa kile kinachoua vimelea na kukipima. Chai ya majani yaleyale haina kipimo kinachojulikana, na Shirika la Afya Duniani lilitamka mwaka 2019 kwamba haliungi mkono kuitumia kwa malaria. Ikiwa hivyo ndivyo kwa artemisia, vipi kwa kivumbasi?

(d) Asiye mjuzi asitibu watu. Imepokewa katika Sunan Abi Dawud kwamba anayejitia utabibu hali hajulikani kwa utabibu atabeba dhamana ya madhara. Kumbuka hilo kabla ya kusambaza ujumbe wa dawa kwa watu mia mbili. Kidole chako kinaweza kubeba dhamana ya mtu usiyemjua.

Hitimisho

Mtu mmoja alimuuliza Mtume (s.a.w.) kama amfunge ngamia au amwache na kutegemea. Akaambiwa amfunge, kisha ategemee. Hadithi hiyo imepokewa na Tirmidhi. Mimi nilimfunga ngamia wangu kwa uzi wa majani, ilhali kamba ilikuwa ndani ya sanduku, kisha nikaiita hali hiyo tawakkul. Bibi yangu, ambaye hakusoma chuo, alikuwa na majani, chandarua na dua, kila kimoja mahali pake.

Mtume ametuambia rihani ni nyepesi kubeba. Basi na sisi tusiitwike uzito wa chandarua na wa hospitali.

Maswali ya kujadili katika halaka:
1. Kuna tofauti gani kati ya kusema "mmea huu umetajwa katika Qur'ani" na "Qur'ani imeuelekeza kuwa dawa"?
2. Katika chumba chako, chandarua kiko wapi usiku wa leo?
3. Ukipokea ujumbe wa tiba wenye aya ndani yake, utafanya nini kabla ya kuusambaza?

Allah atupe elimu yenye manufaa, awaponye wagonjwa wetu na awarehemu waliotutangulia. Amin.