Kuchapa Fuwele za Shaba Bila Kuziba Vitundu Vyake

Umbo likishasimama wima juu ya meza ya printa ya 3D, usishangilie bado. Hiyo ndiyo sehemu rahisi. HKUST-1, fuwele ya shaba iliyotangazwa mwaka 1999 na watafiti wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Hong Kong, thamani yake imo ndani ya vitundu. Gramu moja iliyotengenezwa vizuri huwa na eneo la ndani linalozidi mita za mraba 1,500, na humo ndimo gesi hunaswa. Ni mojawapo ya MOF, yaani fuwele ambazo metali imeungwa kwa molekuli za kaboni, kundi lililowapatia Susumu Kitagawa, Richard Robson na Omar Yaghi Tuzo ya Nobeli ya Kemia ya 2025.

Anayetoka kwenye kauri huja na mazoea yatakayomponza. Kule unaweka gundi upendavyo, kisha tanuri inaichoma yote. Hapa huwezi, kwa sababu HKUST-1 huanza kuvunjika ikikaribia nyuzi joto 300. Gundi uliyotia leo itabaki humo daima, kwa hiyo ipime kwa ubahili.

Anza na unga. Yeyusha gramu 10 za asetati ya shaba kwenye maji, na gramu 7 za asidi ya trimesiki kwenye ethanoli, kisha changanya huku ukikoroga bila kupasha moto. Tope la buluu litatokea, pamoja na harufu ya siki. Hesabu kamili inatoa karibu gramu 10 za fuwele. Osha kwa ethanoli mara kadhaa, maana asidi iliyosalia ndani huziba vitundu hata kabla ya gundi. Ethanoli ya kuoshea isimwagwe kwenye sinki. Shaba huua viumbe wa majini. Na ukisaga au kuchekecha unga mkavu, vaa barakoa.

Wino ndio wenye kazi. Kwa uzito mkavu, anza na asilimia 85 ya fuwele, 10 ya udongo wa bentonaiti uliolowanishwa kwa maji machache, na 5 ya selulosi ya haidroksipropili, ile inayotumika kushikamanisha vidonge vya dawa. Nimeichagua kwa sababu inayeyuka kwenye ethanoli, na fuwele hii haipendi kukaa kwenye maji muda mrefu. Ongeza ethanoli kidogo kidogo mpaka upate uji mzito kama dawa ya meno: ukiukamua unatoka, ukiuacha unasimama. Chekecha unga kwa chekeche ya mikromita 75 ikiwa ncha yako ni ya milimita 0.8. Chembe ikizidi sehemu ya kumi ya tundu, utashinda unazibua.

Kabla ya kupakia printa, kamua uzi mmoja juu ya pengo kati ya vioo viwili. Ukilegea na kuning'inia, acha ethanoli ipungue. Ukikatika, ongeza matone. Kuna ishara moja ambayo wengi huielewa vibaya: kimiminika kitupu kinatoka nchani na unga unabaki nyuma. Mkono hutaka kuongeza shinikizo, lakini ukiongeza unakamua kimiminika tu na kuacha kigogo ndani ya bomba. Punguza shinikizo, kisha uongeze selulosi kidogo. Tabaka liwe milimita 0.6, na mapovu yaondoe mapema kwa mashinepewa, yaani mashine inayozungusha kwa kasi.

Kukausha kunahitaji uvumilivu kuliko kuchapa. Funika kipande kwa bakuli usiku kucha ili ethanoli itoke polepole. Nje ikikauka kabla ya ndani, nyufa haziepukiki. Kisha kiache wazi siku moja, mbali na moto wowote. Mwisho kipeleke kwenye oveni ya ombwe, nyuzi 120 hadi 150. Rangi itakuambia mengi: buluu hafifu ina maana maji bado yameshika shaba, zambarau iliyokolea ina maana yametoka, na kahawia au nyeusi ina maana umeiunguza. Kipande kilichoiva kitie mara moja kwenye chombo kilichofungwa chenye jeli ya silika.

Rangi peke yake haitoshi. Pima ufyonzaji wa naitrojeni kwenye nyuzi 196 chini ya sifuri, kwa unga na kwa kipande. Unga ukitoa mita za mraba 1,500 kwa gramu, kipande chenye asilimia 85 kingetakiwa kutoa karibu 1,275. Kikitoa 900, yaangalie mambo mawili kwa mpangilio huu: rudia kukausha kwenye ombwe upime tena, na kama namba haikusogea, vitundu vimezibwa na selulosi. Ipunguze hadi asilimia 3 na ukubali kipande kitakachovunjika kwa urahisi zaidi.