Nuru Ipimayo Kuta za Kale

Mji wa Kilosa umekaa kando ya mto Mkondoa, mbali na bahari. Hapo kale misafara ya pwani ilipita katika nchi hiyo ya Usagara, na mpagazi aliyerudi kwao alisimulia mambo aliyoyaona. Waliomsikiliza hawakuwa na njia ila kuyaamini maneno yake. Siku hizi mtoto wa Kilosa au wa Mikumi aweza kuutazama msikiti wa kale ulio mbali, naye ameketi darasani, ikiwa shule yake ina umeme na kompyuta.

Mfano mmoja ni Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani. Mtu atokaye Mikumi hupita Morogoro mpaka Dar es Salaam, kisha huifuata pwani kwenda kusini hata Kilwa Masoko, na hapo huvuka kwa chombo. Msikiti huo ulianza kujengwa yapata karne ya 11, kwa mawe ya matumbawe na chokaa, ukaongezwa baadaye. Ibn Battuta, msafiri wa Moroko, alifika Kilwa mwaka 1331. Mwaka 1981 magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yalitiwa katika orodha ya UNESCO ya Urithi wa Dunia. Lakini mwaka 2004 yalihesabiwa kuwa hatarini, kwa kuwa yalikuwa yakibomoka. Yalitengenezwa kwa kazi kubwa, hata mwaka 2014 yakaondolewa katika orodha ya hatari.

Wataalamu wa mradi uitwao Zamani, wa Chuo Kikuu cha Cape Town, waliupima msikiti huo kwa mashine ya leza. Mashine hiyo husimama juu ya miguu mitatu, ikatupa mwali mwembamba wa nuru. Mwali ukigonga ukuta hurudi, na kwa kurudi kwake mashine hujua umbali wa mahali pale. Kwa kuwa nuru haipindi kona, mashine huhamishwa huku na huku. Kisha kompyuta huziunganisha mamilioni ya nukta zilizopimwa, msikiti ukaonekana mzima.

Faida zake ni mbili. Asiye na nauli huona. Na jiwe likianguka, fundi hujua lilikuwa wapi. Lakini picha haiuzuii ukuta usianguke. Huuzuia chokaa na mikono ya mafundi. Tena mgeni afikaye mwenyewe huwapa riziki mwenye chombo na mwenye kumwongoza, bali atazamaye kwa mbali hawapi kitu. Basi picha na imwamshe mtu hamu ya kwenda, isimfanye adhani amekwisha fika. Na kwa kuwa mahali hapo palijengwa ili watu wamwabudu Mungu, kila atazamaye, kisiwani au darasani, atazame kwa adabu.

MASWALI

1. Kwa nini mashine ya leza huhamishwa huku na huku?
2. Picha ya kompyuta yamsaidiaje fundi?
3. Taja mambo mawili ambayo picha haiwezi kuyafanya.