Mwalimu, Acha Kuuliza "Mmeelewa?"

Nimeshika chaki miaka 26. Kila matokeo yakitoka nasikia wimbo uleule ofisini: "Niliwafundisha, wamesahau." Walisahau kwa sababu uliwafundisha mara moja ukapita.

FANYA

Anza kipindi kwa maswali matatu ya nyuma, madaftari yakiwa yamefungwa. Jambo hukazika kichwani kwa kutafutwa humo. Mwaka 2006 watafiti Roediger na Karpicke, Marekani, waliwapa wanafunzi wa chuo makala. Waliotumia vipindi vinne kuisoma tu, baada ya wiki walikumbuka asilimia 40. Waliosoma kipindi kimoja, vitatu wakaandika walichokumbuka bila kuitazama, walipata asilimia 61. Ajabu ni kwamba walipopimwa baada ya dakika tano, wasomaji ndio waliongoza. Hapo ndipo tunapodanganyika, tukafunga mada na kutia vema kwenye andalio.

Rudia mada baada ya siku, wiki, mwezi. Mtafiti Ebbinghaus alijipima mwenyewe, akachapisha mwaka 1885: sehemu kubwa ya aliyokariri ilimtoka ndani ya siku moja. Naye alikuwa mtu mzima aliyeshiba.

Changanya maswali. Ukitoa kumi mfululizo ya eneo la mstatili, mtoto hafikiri, anazidisha tu. Chomeka mzingo. Chumba cha mtihani hakina wa kumnong'oneza hii ni mada gani.

USIFANYE

Usiulize "Mmeelewa?" Utajibiwa "Ndiyo mwalimuuu!" hata kama ulikuwa unaufundisha ukuta. Uliza swali, subiri, ndipo utaje jina. Ukitaja jina kwanza, wengine wote wamekwenda likizo.

Usihubiri huku wananakili. Kichwa hushika mambo mapya machache tu kwa wakati mmoja, kama manne hivi. Nyamaza. Najua ni vigumu.

Usimdhihaki anayekosea. Hofu hula nafasi ileile finyu ya kufikiria. Niliwahi kumwita binti mmoja "kichwa panzi" mbele ya wenzake. Hakunyoosha mkono tena mpaka anamaliza Darasa la Saba. Kosa lilikuwa langu.

Usiwakeshe kambini usiku wa kuamkia mtihani. Ubongo huhifadhi ya mchana mtoto akiwa amelala; wewe unampigia kengele saa kumi alfajiri.

Kesho una kipindi cha kwanza. Andika yale maswali matatu leo, kabla hujalala.